Meseji kwa wateja: zinamfaa nani, na jinsi ya kuanza bila kupoteza hela

Siku hizi si ajabu mwenye duka Mwanjelwa au Mlandege kufuatwa na kijana anayeuza meseji za matangazo. Maneno yake ni matamu: wateja elfu kwa mpigo, bei ya kutupa, lipia leo. Kabla hujatoa hela, jiulize swali moja tu. Je, kuna habari ambayo mteja wangu anaisubiri kutoka kwangu? Kama ipo, meseji itakulipa. Kama haipo, hata ukipewa meseji elfu za bure zitakuletea lawama.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara ndogo huku Nyanda za Juu Kusini: duka la pembejeo, saluni, mashine ya kukoboa, fundi cherehani, muuza vifaranga. Huhitaji kompyuta kuanza. Unahitaji daftari, simu na subira.

Kwanza, pima kama biashara yako inafaa

Mteja wa mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku anataka kujua mambo mawili: umeme upo, na foleni ikoje. Akikodi bajaji na magunia yake akakuta mashine imeharibika, hasara ni yake. Meseji ya kumwambia mashine imepona ni msaada kwake. Vilevile mkulima wa Uyole anayesubiri mbegu ya viazi, au mama wa Kihesa aliyeweka oda ya vifaranga vinavyofika kwa tarehe. Hawa wanasubiri habari, na wewe ndiye unayo.

Sasa mchukue mama lishe wa stendi. Wateja wake ni abiria wanaopita. Kesho wako Dar es Salaam au Tunduma. Namba zao za nini? Duka la mangi pale mtaani nalo halihitaji meseji, kwa kuwa mteja anapita mlangoni kila siku kununua sukari robo. Gesti ya jirani na stendi, hivyohivyo. Hawa wakipata hela ya ziada waitie kwenye kibao kinachosomeka na taa ya nje.

Wauza nguo, viatu na mawigi wako kwenye kundi la tatu. Bidhaa yao huuzwa na macho. Maneno "magauni mapya yamefika" hayamwamshi mtu, picha humwamsha. Kwa hao status ya WhatsApp inatosha, tena haina gharama zaidi ya bando. Meseji ya kawaida ina nguvu pale ambapo habari haihitaji picha, na mteja ana kitochi au simu yake haina bando mara nyingi. Huku kwetu, ukitoka mjini kidogo tu, wateja wa namna hiyo ni wengi. Na kama simu imezimwa kwa sababu chaji imeisha, ujumbe husubiri kwenye mtandao na kumfikia akiiwasha, mradi muda wa kusubiri haujapita.

Kuna kundi moja nalipenda kuliko yote, na ajabu ni kwamba wauzaji wa vifurushi hawalitaji kamwe: biashara ambazo kila mteja anahitaji ujumbe wake mwenyewe. Fundi cherehani: "Suruali yako iko tayari." Gereji: "Pikipiki imekamilika, njoo na kadi." Muuza vifaranga na dawa za mifugo akiandika tarehe aliyomkabidhi mteja vifaranga vya siku moja, anaweza kumkumbusha chanjo ya kideri ikikaribia siku ya saba, kisha ya Gumboro wiki ya pili. Mteja anaokoa kuku wake, duka linauza chanjo. Meseji hizo huzitumi kwa mamia. Ni tatu au nne kwa siku, na hakuna tangazo linalozifikia kwa faida. Kama biashara yako ni ya aina hii, hutahitaji kununua meseji za jumla kabisa. Anza na kumbusho na uishie hapo mpaka utakapozidiwa.

Pili, daftari la namba

Hapa ndipo kazi ilipo. Tengeneza daftari lenye safu tano: jina, namba, anakotoka, anachonunua, na tarehe aliyokubali kutumiwa meseji. Safu ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo itakayokulinda.

Namba huombwa kaunta, wakati mteja anapokea chenji yake na moyo umetulia. "Mama, nikuandikie namba nikutaarifu mzigo ukiingia?" Akisema ndiyo, andika mbele yake. Akisita, achana naye. Mteja huyo bado atarudi, lakini ukimlazimisha hatarudi. Muulize pia laini ipi anaishika. Watu wengi wana laini mbili au tatu, na moja inaweza kuwa kwenye kitochi kilichobaki nyumbani. Usibahatishe mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile, kwa hiyo namba iliyoonekana ya Vodacom inaweza kuwa Airtel, Halotel au Yas, ile iliyokuwa Tigo. Hilo lina maana ukitumia bando la meseji za mtandao mmoja.

Kuhusu kupata namba kwa njia ya mkato: usifanye. Wakala wa pesa ana daftari la miamala lenye namba za mtaa mzima, na atatokea mtu wa kukushauri ulinakili. Namba zile zilitolewa kwa kazi nyingine. Orodha ya kikoba, ya waumini au ya wazazi wa shule ni hivyohivyo. Kijana akikuambia anakuuzia "namba elfu kumi za Mbeya", muulize wenye namba walikubali lini. Atanyamaza.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa biashara asiouomba, isipokuwa awe amekubali, ujumbe ujitambulishe mwanzoni umetoka kwa nani na ni wa nini, na apewe njia ya kukataa usije tena. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuundiwa Tume yake. Jina na namba ya simu ni taarifa binafsi, na sheria inawataka wanaozikusanya na kuzichakata wajisajili kwenye Tume hiyo. Ukitaka kufanya jambo hili kwa ukubwa, ulizia usajili huo mapema, kabla daftari halijajaa.

Tatu, andika ujumbe

Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi 160, ukihesabu nafasi wazi na alama zote. Ukizidi hata kwa herufi moja, unahesabiwa kuwa meseji mbili, na kila kipande kinabaki na herufi 153 kwa sababu nafasi nyingine inatumika kuviunganisha. Sasa angalia mwanzo ambao karibu kila mtu huuandika:

Habari ndugu mteja wetu mpendwa, tunayo furaha kukutaarifu kwamba

Hizo ni herufi 65, na mteja bado hajui wewe ni nani. Linganisha na huu, wenye jina la duka la kubuni:

Mama Neema Pembejeo, Uyole: mbegu ya viazi imeingia, gunia 40 tu. Kuwekewa piga namba hii kabla ya Ijumaa 8/11. Usitume pesa, lipia dukani. Hutaki? Jibu ACHA.

Zimetumika herufi 158. Jina na mahali vimetangulia, habari imefuata, kisha jambo moja la kufanya na siku ya mwisho. Tarehe imeandikwa makusudi. Ukiandika "leo" na mteja wako yuko bondeni Ileje simu imezimwa, ataisoma kesho kutwa na "leo" yake itakuwa siku nyingine. Idadi ya magunia nayo iwe ya kweli. Ukisema 40 na mtu akija akakuta stoo imejaa mpaka dari, meseji yako ijayo haina kazi.

Hakuna ubaya kumsalimu mtu. Duka la Njombe likianza na "Kamwene" au la Tukuyu na "Ugonile" linapendeza, na ni herufi chache. Lakini ujumbe wenyewe uandike kwa Kiswahili. Mbeya mjini na Makambako wamejaa watu wa kila kabila, na mteja Msafwa au Mkinga hatakushukuru kwa kumfanya aombe mkalimani.

Kuna mtego mmoja mdogo unaokula hela za watu bila wao kujua. Ukitia kikatuni cha uso unaocheka, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Alama ya ritifaa nayo ni mwiba. Ukiandika "chakula cha ng'ombe" kwa alama iliyonyooka, salama. Ukinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta, alama hiyo mara nyingi hugeuka kuwa iliyopinda, na hiyo haimo katika herufi za kawaida za meseji. Ujumbe uliodhani ni mmoja unahesabiwa kuwa tatu. Kwa hiyo andika moja kwa moja kwenye simu au kwenye ukurasa wa kutuma meseji, usinakili, na angalia kihesabu cha herufi kabla hujabonyeza.

Utapeli: kikwazo kikubwa kuliko bei

Nani Tanzania hajapokea "ile pesa itume kwenye namba hii"? Watu wamechoka, na wana haki. Meseji kutoka namba wasiyoijua wanaifuta, au wanaipeleka 15040, namba ya kuripoti meseji za kitapeli. Biashara yako halali inaweza kuangukia kapu hilohilo.

Kinga si ngumu. Usiombe pesa kwa meseji, hata advansi. Usiweke kiungo cha kubonyeza. Usiahidi zawadi, wala usiandike neno "umeshinda" hata kama kweli kuna kanga za kugawa. Mwambie mteja mapema, ana kwa ana, siku unapoandika namba yake: "Sisi hatuombi hela kwa simu. Ukiona meseji ya hivyo yenye jina letu, ujue si sisi." Na tumia namba moja, ileile, miaka yote. Mwombe aihifadhi palepale kaunta kwa jina la duka. Kwa wazee, waombe ruhusa uwahifadhie mwenyewe.

Nne, anza na simu yako

Usinunue meseji za jumla katika mwezi wako wa kwanza. Chagua wateja wasiozidi hamsini kutoka kwenye daftari, wale unaowajua kwa sura, na uwatumie kwa laini yako kwa bando la kawaida la meseji. Wagawe makundi madogo. Ukirusha mamia kwa mpigo kutoka laini ya kawaida, mtandao unaweza kuizuia.

Simu janja nyingi ukichagua watu wengi kwa pamoja huunda kundi, na ujumbe unageuka kuwa wa aina nyingine unaohitaji intaneti. Kitochi hakiupati vizuri. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya meseji, tafuta sehemu ya ujumbe wa kundi, chagua kila mtu atumiwe wake. Jaribu kwanza kwa namba mbili za nyumbani, moja ikiwa kitochi.

Saa ya kutuma ifuate maisha ya watu. Mkulima saa 3 asubuhi yuko shambani, na simu iko kwenye koti lililotundikwa mtini. Jioni, kuanzia saa 12 hadi saa 2 usiku, ndipo anaposhika simu. Mtumishi wa ofisini ni bora umtumie karibu na chakula cha mchana. Jumapili asubuhi na Ijumaa mchana waache watu wasali.

Majira ndiyo yenye nguvu zaidi. Mvua zetu huanza karibu na Novemba, kwa hiyo meseji ya mbegu na mbolea ya kupandia inayofika katikati ya Desemba imechelewa; mwenye haraka ameshanunua kwa jirani yako. Fundi wa sare za shule atume mapema Desemba, si wiki ya kufungua shule Januari. Saluni za karibu na vyuo, iwe MUST pale Iyunga au Mkwawa kule Iringa, zinajua boom, yaani hela ya mkopo ya wanafunzi, likiingia hata bila kuambiwa. Wanaouza kwa watumishi wa serikali wasubiri mshahara utoke. Na kama gulio la kwenu ni Alhamisi, tuma Jumatano jioni.

Mara ngapi? Mbili kwa mwezi zinatosha, na mwezi usio na habari usitume chochote. Meseji za "tunawatakia wikiendi njema" ni kero.

Tano, pima kama imeleta kitu

Hapa wengi hujidanganya. Wanatuma, wateja wanakuja, wanasema meseji imefanya kazi. Lakini baadhi ya hao wangekuja tu, kwani msimu umefika na mbegu inatakiwa. Njia ya kujua ni rahisi. Wagawe wateja wa daftari kwa tarakimu ya mwisho ya namba zao: wenye witiri (1, 3, 5, 7, 9) watumie, wenye shufwa usiwatumie. Kisha kwa wiki moja tia alama kila anayenunua.

Tuseme una wateja 120, nusu umewatumia. Wamekuja 14 kati ya waliotumiwa, na 9 kati ya wasiotumiwa. Meseji haijakuletea wateja 14, imekuletea kama 5. Tuseme tena meseji moja ni shilingi 20, basi 60 zimekugharimu 1,200. Ukipata faida ya shilingi 5,000 kwa kila gunia, hao watano wamekuletea 25,000. Hiyo inalipa vizuri. Lakini kama unauza vocha na faida yako ni shilingi hamsini kwa mteja, watano hao wamekuachia 250 kwa gharama ya 1,200. Meseji ileile, watu walewale, hesabu tofauti kabisa.

Usiamue kwa jaribio moja. Tofauti ya watu watano inaweza kuwa bahati tu, au mvua iliwazuia wa upande mmoja. Rudia mara mbili tatu, ukibadilishana: safari hii witiri, safari ijayo shufwa. Nusu nyingine isihisi imetengwa. Kama mzigo ni mchache na wote wanautegemea, watumie wote, jaribio lisubiri.

Sita, ukifika wakati wa kununua meseji za jumla

Daftari likipita watu mia mbili hivi na majaribio yakionyesha faida, simu ya mkononi inachosha. Sasa unaweza kumsikiliza yule kijana. Muulize haya: bei ya meseji moja ni ngapi kwa kila mtandao? Salio lina mwisho wa matumizi? Nitapata taarifa ya zilizofika na zisizofika? Isiyofika inarudishiwa? Nunua kiasi kidogo kwanza, ujitumie mwenyewe kwenye laini za mitandao yote.

Faida ya njia hii ni kutuma kwa jina badala ya namba. Jina hilo halizidi herufi 11, nafasi wazi ikiwemo. "MAMA NEEMA" linaingia, "PEMBEJEO UYOLE" halitoshi. Jina husajiliwa kwanza, na utaombwa vielelezo vya biashara kama TIN na leseni, kwa hiyo asiyekuwa navyo aanze huko.

Lakini jina lina kasoro moja usiyoambiwa: mteja hawezi kulipigia wala kulijibu. "Piga namba hii" inakuwa haina maana, na "Jibu ACHA" haifiki popote. Katika ule mfano wetu, weka namba kamili ya simu mahali pa "namba hii" na "Hutaki? Tupigie." mahali pa lile neno la kujibu. Nimehesabu: bado inaingia kwenye ujumbe mmoja, herufi 157. Kwenye orodha utakayopakia namba ziandikwe kwa 255 mbele, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi katikati.

Akisema ACHA, ameacha. Mkatie mstari mwekundu kwenye daftari siku hiyohiyo na uandike tarehe, umfute pia kwenye orodha ya kompyuta na kwenye simu ya msaidizi wako wa duka. Usimpigie kumuuliza kwa nini. Akija dukani muuzie kama kawaida, na usimwombe namba tena mpaka aulize mwenyewe kwa nini siku hizi hapati habari za mzigo.